Kula Chumvi Si Kuacha Mbio

Ndugu msomaji, hebu nikuulize swali moja kabla hatujafika mbali. Mara ya mwisho ulikimbia lini bila kufukuzwa na mtu? Sisemi zile mbio za kuwahi foleni ya chakula kengele ikilia, wala zile za kumkwepa kiranja wa zamu. Nasema kukimbia kwa sababu tu umependa kukimbia. Nilipowauliza wenzangu bwenini, wengi walicheka. Mmoja alisema ilikuwa darasa la sita. Mwingine akanijibu, "Mimi si mwanariadha bwana, nikimbie ya nini?" Jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mimi natoka upande wa Uasin Gishu. Kwetu, kabla jua halijachomoza, utasikia vishindo vya miguu barabarani. Makundi ya wanariadha hupita yakihema kwa pamoja, vumbi likitimka nyuma yao. Watoto tunakua tukihesabu nyumba za mawe zilizojengwa kwa miguu: ile ya bingwa fulani, hili shamba la fulani, ng'ombe wa gredi wa fulani. Kwa ufupi, kwetu mbio ni kazi. Kijana hujaribu bahati yake, na asipofua dafu huweka raba kando na kutafuta riziki kwingine. Ndiyo maana mtu wa miaka hamsini akionekana akikimbia, watu huuliza: kuna msiba, ama ng'ombe amepotea?

Sasa sikiliza kisa cha mama yangu. Mama ni fundi wa cherehani katika kituo chetu cha biashara. Toka asubuhi hadi jioni yeye huketi, mguu mmoja ukisukuma cherehani, mwili mwingine umetulia tuli. Alipokuwa na umri wa miaka 49 alianza kuumwa na kichwa, akaenda kupimwa, akaambiwa ana presha. Habari hiyo ilitutia baridi sote nyumbani, maana nyanya, mama yake mzazi, alichukuliwa na kiharusi kilichotokana na presha iyo hiyo. Muuguzi alimpa tembe, akamwambia apunguze chumvi na aanze mazoezi. Mama akarudi nyumbani akitutania: "Nimekula chumvi nyingi kwa miaka, sasa naambiwa niiteme."

Alianza kwa kutembea. Baada ya miezi miwili nilimkuta mlangoni saa kumi na moja na nusu alfajiri, amevaa suruali ya michezo aliyojishonea mwenyewe, na miguuni raba zangu! Raba zenyewe nilikuwa nimezitupa chini ya kitanda. Mwaka ule nilikuwa Kidato cha Kwanza, nimeshindwa mbio za nyika katika ngazi ya kaunti ndogo, nikaapa sitakimbia tena. Zilimpwaya, kwa hiyo alikuwa amejaza vipande vya vitambaa kwenye vidole. Nikamwambia, "Mama, watu wataongea." Akanijibu, "Waache waongee. Midomo ni yao, miguu ni yangu." Akatoka.

Sitaficha, niliona haya. Wenzangu walinitania: "Mama yako anajiandalia Olimpiki?" Lakini likizo baada ya likizo nilimwona akibadilika, nami nikaanza kudadisi. Nilimuuliza mwalimu wetu wa Baiolojia, nikapekua vitabu vya maktaba, nikagundua kwamba mambo niliyoyadhani ni vichekesho yana maelezo yake. Hebu tuyatazame moja baada ya jingine.

Kwanza, mwili wa mtu mzima hubadilikaje? Moyo ni pampu. Kadiri miaka inavyosonga, idadi ya juu kabisa ya mapigo ambayo moyo unaweza kufikisha kwa dakika hupungua, kiasi cha pigo moja hivi kila mwaka. Watu wengi hukadiria kwa kutoa umri kutoka 220. Kwa hesabu hiyo, mimi wa miaka 17 nafika kama mapigo 203, na mama ambaye sasa ana miaka 52 anafika kama 168. Ni makadirio tu, kwani watu hutofautiana, lakini yanaonyesha kwa nini mtu mzima hawezi kupanda mlima kwa kasi aliyokuwa nayo ujanani hata akikaza meno.

Isitoshe, uwezo wa mwili kutumia oksijeni hupungua. Kwa mtu anayekaa tu hupungua kwa kama asilimia 10 kila miaka kumi. Anayeendelea na mazoezi naye hupungukiwa, ila polepole zaidi. Misuli nayo hupungua, hasa ile ya kasi. Kano, zile kamba ngumu zinazofunga misuli kwenye mifupa, hukakamaa. Na kubwa kuliko yote, mwili huchukua muda mrefu zaidi kujitengeneza baada ya kazi. Mimi nikikimbia sana leo, kesho nimepona. Mama akikimbia sana leo, atalisikia goti hadi keshokutwa.

Mtu akisoma hayo anaweza kukata tamaa. La hasha! Tazama upande wa pili. Kasi ndiyo hukimbia kwanza, stahamala huchelewa kuondoka. Ndiyo maana wengi hushinda mbio fupi wakiwa vijana sana, lakini katika marathoni mambo ni mengine. Carlos Lopes wa Ureno alishinda marathoni ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984 akiwa na miaka 37. Constantina Diță wa Romania alishinda ile ya Beijing mwaka 2008 akiwa na miaka 38. Eliud Kipchoge wetu alikuwa na miaka 37 alipokimbia Berlin mwaka 2022 kwa saa 2 dakika 1 na sekunde 9, muda uliokuwa rekodi ya dunia hadi Kelvin Kiptum, Mungu amlaze pema, alipouvunja mjini Chicago mwaka 2023. Naye Edna Kiplagat, bingwa wa dunia wa mwaka 2011 na 2013, alimaliza wa tatu Boston mwaka 2024 akiwa na miaka 44. Miaka 44! Wengi wa mama zetu katika umri huo wameshaambiwa wakae kivulini.

"Hao ni mabingwa," utasema, "mimi nina mjomba mwenye kitambi." Sawa. Basi ngoja nikueleze habari za watu wa kawaida. Mwaka 1962, kule Auckland, New Zealand, kocha mmoja mashuhuri aitwaye Arthur Lydiard alikuwa akiwakimbiza wazee na watu wa ofisini polepole, baadhi yao wakiwa wameshaugua moyo. Hapo zamani wagonjwa wa namna hiyo walikuwa wakiambiwa walale kitandani. Mwishoni mwa mwaka huo akatembelewa na Bill Bowerman, kocha wa riadha wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani. Bowerman alikuwa na miaka 51, akijiona yuko imara kama chuma. Akaalikwa kukimbia na kundi hilo. Baada ya mwendo mfupi akaanza kuhema kama mvukuto, akaachwa nyuma. Aliyebaki naye ili asipotee alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 70 aliyekwisha kuugua moyo! Bowerman alirudi kwao amenyenyekea, akaanza kuwafundisha majirani zake kukimbia polepole, na mwaka 1967 akatoa kitabu pamoja na daktari wa moyo kilichouzwa kwa wingi sana. Ndiye pia mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Nike. Kwa hiyo mchezo huu wa watu wazima kukimbia kwa raha yao ulipata nguvu sana kutokana na aibu ya mtu mmoja kuachwa na babu.

Pili, je, kukimbia hakuui magoti? Hili ndilo swali ambalo mama aliulizwa mara nyingi zaidi pale dukani. Kuna uchunguzi uliotolewa mwaka 2017 uliojumuisha tafiti nyingi kuhusu ugonjwa wa kulika kwa viungo vya nyonga na magoti. Ulionyesha kwamba kati ya wanaokimbia kwa kujifurahisha, walioupata walikuwa kama asilimia 3.5, na kati ya wanaokaa tu asilimia 10.2. Lakini wanaoshindana katika ngazi za juu walifika asilimia 13.3. Fundisho ni nini? Kukaa tu kunaumiza, kupita kiasi kunaumiza, katikati ndipo pazuri.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, nao walianza mwaka 1984 kuwafuatilia wakimbiaji 538 wa miaka 50 na zaidi, pamoja na wenzao wasiokimbia. Matokeo yalitolewa mwaka 2008. Baada ya miaka 19, asilimia 34 ya wasiokimbia walikuwa wamefariki, lakini wakimbiaji ni asilimia 15 tu. Tena wakimbiaji walichelewa kwa miaka mingi kufikia hali ya kushindwa kuinuka kitini au kujivalisha. Mwalimu wetu alinionya nisishangilie mapema: huenda waliochagua kukimbia walikuwa na afya bora tangu mwanzo. Ni kweli. Hata hivyo, tofauti yenyewe si ya kupuuzwa.

Tatu, mtu mzima aanzeje? Hapa nitaeleza alivyofanya mama, kwa maana alikosea kwanza ndipo akapata.

Jambo la awali ni kupimwa. Mwenye presha, kisukari au maumivu ya kifua asianze kabla ya kuonana na daktari au muuguzi. Mama aliuliza kwanza. La pili ni viatu. Zile raba zangu zilimtoa malengelenge, akalala nyumbani siku tano. Jumamosi iliyofuata akaenda soko la mitumba Eldoret akachagua jozi inayomtosha, yenye nafasi ya kidole gumba mbele. La tatu ni kuchanganya mwendo: alikimbia dakika moja, akatembea mbili. Baada ya majuma kadhaa akakimbia mbili, akatembea moja. Hakufikisha nusu saa ya kukimbia mfululizo hadi mwezi wa tano.

La nne, na hili ndilo siri kubwa, ni kuongea. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi, kasi yako ni sawa. Ukibaki kutoa neno moja moja kama simu mbovu, punguza. Mama humsalimu kila anayekutana naye njiani, na si kwa adabu tu, ni kipimo chake! La tano ni kupumzika. Yeye hukimbia siku tatu kwa juma, na siku mbili huinua vibuyu vya maji na kuketi na kuinuka kitini mara kumi kumi ili kuimarisha misuli. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma, au 75 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili. Dakika 150 ni nyingi? Ni kipindi kimoja cha mpira wa kandanda na kingine na kingine, na zinabaki kidogo.

Sasa tufike kwenye kiini cha makala haya: raha. Je, kuna raha gani katika kujitesa alfajiri na baridi yote ile ya kwetu?

Sayansi inasema mtu akikimbia kwa muda, mwili hutoa kemikali zinazopunguza maumivu na kutuliza moyo. Moja inaitwa anandamidi. Iligunduliwa mwaka 1992, na wagunduzi waliipa jina kutokana na neno la Kisanskriti "ananda" lenye maana ya furaha. Kwa hivyo furaha imo mwilini mwetu, ina jina lake kabisa! Kemikali hii haimsaili mtu cheti cha kuzaliwa. Kijana huipata, mzee huipata.

Lakini nadhani kemikali peke yake haitoshi kueleza. Ed Whitlock, mzaliwa wa Uingereza aliyeishi Kanada, alikimbia marathoni ya Toronto mwaka 2004 kwa saa 2 dakika 54 na sekunde 48 akiwa na miaka 73. Mwaka 2016, akiwa na miaka 85, alikimbia kwa saa 3 dakika 56 na sekunde 34. Hakuwa na kocha, na mazoezi yake aliyafanya kwa kuzunguka makaburi yaliyokuwa karibu na nyumbani kwake, raundi baada ya raundi, hata saa tatu nzima. Yeye mwenyewe alikiri kwamba mazoezi hayakumpa raha. Raha yake ilikuwa kuvuka mstari wa mwisho na kuona muda wake. Kila mtu na raha yake, basi.

Nilimuuliza mama yake ni ipi. Alifikiri kidogo huku akitunga uzi kwenye sindano, kisha akasema: "Mwanangu, nikiwa hapa mimi ni fundi wa watu. Nikiwa nyumbani mimi ni mama yenu na mke wa baba yenu. Ile nusu saa barabarani sina wa kunituma." Akaongeza, "Tena hakuna anayenitarajia nishinde. Nikifika ule mti wa mkaratusi pale juu bila kutembea, nimeshinda." Maneno hayo yalinichoma. Mimi niliacha mbio kwa sababu kuna watu walinipita. Yeye alizipenda mbio kwa sababu hakuna aliyehesabu nani amempita.

Hapo ndipo ninapoona faida ya uzee katika mbio. Kijana hukimbia na wenzake, mtu mzima hukimbia na jana yake. Hata katika mashindano kuna utaratibu wa kuwapanga wazee kwa makundi ya umri, kila baada ya miaka mitano kuanzia 35, na mashindano ya dunia ya wakongwe yamekuwepo tangu yale ya Toronto mwaka 1975. Mtu akitimiza miaka 60 hasikitiki, husherehekea kwa kuwa sasa yeye ndiye mdogo katika kundi jipya! Wapi kwingine duniani mtu hushangilia kuongeza umri?

Nimalizie kwa kisa kilichonifunga mdomo. Likizo iliyopita kulikuwa na mbio za hisani za kilomita 10 mjini. Mama alijiandikisha, nami nikajiandikisha ili, nilivyodhani, nimsindikize. Bastola ilipolia nikachomoka kama mshale. Mama nikamwacha huko nyuma akiamkuana na watu. Kilomita ya kwanza, raha. Ya pili, raha. Ya nne, lo! Ubavu ukaanza kunichoma, miguu ikawa mizito kama magunia ya mahindi. Kumbuka sikuwa nimekimbia kwa zaidi ya mwaka. Nikaanza kutembea, nakimbia kidogo, natembea tena. Karibu na kilomita ya nane nikasikia sauti za akina mama nyuma yangu wakizungumza bei ya vitambaa. Mama alinifikia, hakucheka hata kidogo. Alisema tu, "Pole, baba. Usisimame ghafla, endelea kutembea." Kisha akanipita, mgongo wima, akiendelea na hadithi yake.

Alimaliza kwa saa 1 na dakika 12. Mimi nilimaliza kwa saa 1 na dakika 19. Mwenda pole hajikwai, na huyo aliyenena hivyo bila shaka alimfahamu mama yangu.

Nisikudanganye kwamba mbio ni dawa ya kila kitu. Mama bado anameza tembe moja kila siku na bado anapimwa kila mwezi. Lakini presha yake imetulia, na hofu iliyotanda nyumbani kwetu tangu kifo cha nyanya imepungua. Nikiwa huku shuleni usiku nikimfikiria, simwoni tena kitandani kama nyanya. Namwona barabarani.

Ndugu wanafunzi, katika shule hii wanaokwenda mashindano ya kitaifa wanahesabika kwa vidole. Je, sisi wengine mamia tuache kukimbia tukiwa na miaka 17, tukae miaka thelathini, ndipo tukumbushwe na muuguzi? Nanyi walimu wetu wapendwa, uwanja uko wazi jioni baada ya vipindi. Tunawaona mkiutazama kutoka chumba cha walimu. Karibuni, tutawapisha njia ya ndani.

Nami baada ya zile mbio nilimwomba mama anirudishie raba zangu, kwa kuwa yeye sasa ana zake. Akaniambia alikwisha kumpa jirani yetu, baba mmoja wa miaka 58, ambaye pia ameambiwa ana presha. Kwa hiyo ukiniona nikizunguka uwanja wa shule na viatu vya ngozi, usinicheke. Njoo tukimbie, polepole, tukiongea.

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili,
Kidato cha Tatu.